Historia ya daraja la reli la mto Mpanga, kati ya Mlimba na Makambako

MwanaMakambako ameuliza:

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwa wengine wote mliomo humu.

Ninakusanya maelezo ya historia ya mji wetu wa Makambako kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na sasa nimefika kwenye sura inayohusu reli ya TAZARA. Kila ninayezungumza naye hulitaja daraja la mto Mpanga, lililopo kati ya Mlimba na hapa kwetu, na kusifu urefu wa nguzo zake, lakini maelezo huishia hapo. Ninapenda kufahamu kwa nini reli ilipitishwa kwenye mabonde yale makali badala ya kufuata njia ya barabara kuu ya Iringa na Mafinga, na ni sababu gani hasa iliyofanya daraja lile liinuliwe kiasi kile. Aidha, wapo wanaosimulia kwamba daraja hilo liliwahi kulipuliwa na majeshi ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) wakati wa vita vya ukombozi. Ningependa kulithibitisha jambo hilo kabla sijaliandika mahali ambapo watoto watalisoma na kuliamini.

MwalimuWaRamani (Iringa) amejibu:

Ndugu MwanaMakambako, swali lako la kwanza ndilo linalofungua hayo mengine, kwa hiyo nitalikalia kwa kirefu.

Ukiitazama ramani ya nchi yetu utaona kwamba kati ya tambarare za mashariki na nyanda zetu za juu umesimama ukuta wa milima, na kila njia itokayo pwani kuja huku lazima iupande ukuta huo mahali fulani. Barabara kuu huupanda pale Kitonga, kabla ya kufika Ilula na Iringa, kwa kona ambazo kila dereva wa lori anazifahamu. Reli iliamuliwa ipite upande wa kusini zaidi. Inatoka Dar es Salaam, inapita Kisaki, inafika Kidatu, kisha inafuata mguu wa milima ya Udzungwa kupitia Mang'ula na Ifakara hadi Mlimba, yote hayo yakiwa ndani ya bonde la Kilombero au karibu nalo. Faida ya uamuzi huo ilikuwa kubwa. Bonde lile ni tambarare, hivyo sehemu ndefu ya njia ilijengwa bila kupambana na mlima. Lina ardhi nzuri ya mpunga na miwa ambayo wakati ule haikuwa na njia ya maana ya kutolea mazao. Na upande wa Iringa tayari ulikuwa na barabara kuu iliyokuwa ikijengwa upya kwa lami hadi Zambia. Kuweka reli sambamba na barabara hiyo kungeliacha bonde zima bila usafiri.

Lakini mlima ukiuahirisha hauondoki. Kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba ni kilomita 502, na kipande hicho kilikamilika Novemba 1971, mwaka mmoja na kidogo baada ya Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda kuzindua ujenzi rasmi mnamo Oktoba 1970. Mlimba upo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Makambako upo juu ya mita 1,600. Kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita 157 tu za reli, na ndani ya kilomita hizo treni inapaswa kupanda zaidi ya mita 1,100, ikikatiza njiani mito inayoporomoka kutoka Mufindi na Njombe kwenda Kilombero, mto Mpanga ukiwa mmoja wao.

Ndiyo maana kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambacho hakifikii hata sehemu moja ya kumi ya reli yote yenye kilomita 1,860, kilichukua karibu asilimia 30 ya kazi yote ya madaraja, mahandaki na uchimbaji wa udongo. Reli nzima ina madaraja 320, mahandaki 22 na makalavati 2,225 (yaani mifereji ya kupitisha maji chini ya njia), na wanafunzi wako wakiambiwa hesabu hizo waambiwe pia kwamba hazikugawanyika sawasawa kutoka stesheni ya kwanza hadi ya mwisho.

Kuna hesabu nyingine ambayo mimi huwapa wanafunzi wangu waifikirie. Reli ilifika mpakani Tunduma mwezi Agosti 1973. Maana yake ni kwamba kutoka Novemba 1971 ilichukua chini ya miaka miwili kuipandisha reli mlimani, kuifikisha Makambako, kuivusha Uyole, ambako ndiko juu kabisa kwa njia yote, mita 1,789, na kuishusha hadi mpakani. Kasi hiyo isingewezekana kama wajenzi wangesubiri reli ifike Mlimba ndipo waanze kutoboa mahandaki na kusimamisha nguzo. Kazi ya mlimani ilitangulia, na njia ya reli ikaja kuikuta.

FundiNjiaMstaafu (Mbeya) amejibu:

Marahaba, ndugu yangu. Mwalimu ameeleza vizuri kuhusu njia, nami nitajibu kuhusu urefu wa daraja, kwa kuwa ni jambo ambalo sisi wa kazi ya njia tulilazimika kulielewa tangu siku za mwanzo za mafunzo.

Gari lina matairi ya mpira yanayoshika barabara. Gurudumu la treni ni la chuma na linakaa juu ya reli ya chuma, hivyo mshiko wake ni mdogo sana, nao hupungua zaidi reli inapolowa kwa mvua au ukungu, hali ambayo kwenye milima ile ni ya kawaida. Kwa sababu hiyo njia ya reli haiwezi kupanda ghafla wala kukata kona kali. Inapaswa kuinuka kidogo kidogo, kwa mwinuko unaokaribia kuwa uleule kwa umbali mrefu, huku ikizungukazunguka ubavuni mwa mlima.

Sasa fikiria njia hiyo imeshapanda kwa tabu mita mia kadhaa, kisha mbele yake likatokea korongo lenye mto. Mjenzi wa barabara angeshuka hadi karibu na maji, akajenga daraja fupi la bei nafuu, kisha akapanda upande wa pili. Mjenzi wa reli hawezi kufanya hivyo. Akishuka, urefu wote alioupata anaupoteza, na hana tena mahali pa kuupanda upya kabla ya kilele. Amebakiwa na kulizunguka korongo kwa kilomita nyingi, kulijaza tuta la udongo ambalo mvua za kule zingelisumbua kila mwaka, au kuvuka juu kwa juu akiwa palepale alipofika. Pale Mpanga walichagua kuvuka juu. Daraja limesimama juu ya nguzo tatu za zege zenye urefu wa futi 160, yaani karibu mita 50, na urefu wote huo una kazi moja, nayo ni kuilinda ile mita ya mwinuko ambayo injini imeshaigharimia mafuta huko nyuma.

Handaki nalo limetokana na sababu ileile, ila kwa kinyume chake. Pale ambapo ardhi inashuka chini ya njia unajenga daraja, na pale inapopanda juu ya njia unatoboa mlima. Ndiyo maana katika kipande kile utapita juu ya bonde na muda mfupi baadaye ukajikuta gizani. Handaki namba 3 la Irangi lina urefu wa takriban nusu maili, yaani kama mita 800. Mtu anayeliandikia daraja la Mpanga peke yake bila kuyataja mahandaki ataacha nusu ya habari.

Niongeze jambo ambalo vijana hawalisikii mara nyingi. Hata baada ya kazi yote hiyo, mwinuko ule ulizishinda nguvu injini za kwanza zilizokuja na mradi, na mizigo ikawa inapunguzwa ili treni iweze kupanda. Katika miaka ya 1980 zikaja injini za dizeli zinazozalisha umeme wa kuzungusha magurudumu, kutoka Ujerumani Magharibi, zenye nguvu kubwa zaidi, na hapo ndipo upandishaji wa mizigo kutoka Mlimba ulipopata nafuu.

KijanaWaMafinga ameandika:

Nimesoma maelezo ya wazee wangu kwa heshima, lakini bado nina mashaka na sehemu moja. Iringa na Mafinga zilikuwa na watu, mashamba ya chai na misitu, na mpaka leo mji wa Iringa hauna stesheni ya reli. Je, haikuwa gharama kubwa mno kuacha eneo lenye uzalishaji na kwenda kujenga nguzo za mita 50 katika mabonde ambayo karibu hayakuwa na watu?

MwalimuWaRamani (Iringa) amejibu:

Hoja yako ni ya haki, na mimi ninayeishi Iringa naielewa vizuri. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba reli hii haikujengwa kwanza kwa ajili ya mazao ya Tanzania. Ilijengwa ili shaba ya Zambia ifike baharini. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilibaki ikitegemea reli inayopita katika nchi ya maadui zake, na njia nyingine zilipita Angola na Msumbiji ambazo bado zilikuwa chini ya Wareno. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimeuona mradi huu kuwa hauna faida ya kibiashara. China ndiyo iliyokubali, mkataba ukatiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Kisha Januari 1973, wakati reli ikiwa bado haijafika Tunduma, Rhodesia iliufunga mpaka wake na Zambia, na umuhimu wa kila kilomita ukaonekana wazi.

Katika hali hiyo kigezo kikubwa kilikuwa kupata njia ambayo treni nzito zingeweza kuipanda na ambayo ingekamilika mapema. Hata reli ingepitishwa Iringa, ukuta ule ungebaki kupandwa, na nguzo ndefu zingejengwa mahali pengine kwa jina la mto mwingine. Tena si kweli kwamba Mufindi iliachwa kabisa, kwa maana kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi miaka ya 1980, kipo upande huo ambako reli hii inapita.

Naona pia si sahihi sana kusema mabonde yale hayakuwa na watu. Watu walikuwepo, ila walikuwa wametawanyika, na wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya 1970 wengi walihamishiwa kandokando ya reli. Vijiji vingi vinavyoonekana leo karibu na stesheni ndogo vilikua kwa namna hiyo.

MamaMpunga ameandika:

Hamjambo wote. Mimi si mtaalamu wa ujenzi, lakini nimefanya biashara kati ya Mlimba na Makambako kwa miaka mingi, na ningependa sura hiyo ya kitabu isiishie kwenye shaba na zege.

Kwa ramani, Mlimba na Makambako ni majirani. Kwa barabara hawajawahi kuwa majirani, hasa masika. Mtu wa Mlimba aliyetaka kufika Makambako kwa gari alilazimika kurudi nyuma hadi Ifakara, aende Kidatu na Mikumi, kisha apande Kitonga, apite Iringa na Mafinga ndipo afike. Kuna barabara ya kutoka Ifakara kupitia Mlimba na Madeke kwenda Lupembe na Njombe, na kila aliyewahi kuipita wakati wa mvua anajua kwa nini wafanyabiashara walipendelea treni. Treni ilituchukua Mlimba na mzigo wetu, ikatupitisha Uchindile na milima yote ile, na kutushusha Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea inakutana na barabara kuu.

Mchele wa bonde la Kilombero ulipanda, pamoja na ndizi na samaki wakavu. Viazi mviringo, maharage na mahindi ya Ubena na Uhehe yakashuka. Huku juu mpunga haustawi, na kule chini viazi havizai, kwa hiyo biashara ilikuwa ya uhakika kila msimu. Watu walikuwa na treni yao fupi waliyoiita Kipisi, iliyokuwa ikisimama kwenye stesheni ndogo ambazo treni za haraka hazikusimama, na akina mama wengi walianza mtaji wao kwa gunia moja ndani ya behewa lake. Wapo waliosomesha watoto kwa biashara hiyo, na wapo walioolewa au kuoa upande wa pili wa daraja. Ukienda Mlimba leo utawakuta Wabena na Wahehe wenye mashamba ya mpunga, na hapa Makambako utawakuta watu wa Kilombero wenye maduka sokoni.

Ninaomba, mwanangu, hayo nayo uyaandike.

MwanaMakambako ameandika:

Ninawashukuru sana. Mama, nimekusikia, na nitatenga sehemu maalumu ya biashara hiyo. Nimebakiwa na mambo mawili. Lile la kulipuliwa bado halijajibiwa. Pia ningependa kufahamu ni watu gani waliojenga, kwa kuwa wanafunzi wengi hudhani Wachina walikuja wakafanya kila kitu peke yao.

MwalimuWaRamani (Iringa) amejibu:

Daraja la Mpanga halikulipuliwa. Lililolipuliwa ni daraja la mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia, mnamo Oktoba 1979. Makomandoo wa Rhodesia waliliangusha daraja la reli na pia la barabara katika mto huo, wakati ambapo mazungumzo ya kumaliza vita yalikuwa tayari yakiendelea London. Mwaka mmoja kabla yake Zambia ilikuwa imelazimika kuifungua upya njia yake ya kusini inayopita Rhodesia, na shambulio lile lilikusudiwa kuizidishia Zambia utegemezi huo. Kwa kuwa Chambeshi ipo kwenye reli hiyohiyo, athari zilifika hadi huku: mizigo ya Zambia ilikwama, na treni zikawa hazina mahali pa kufikia. Nadhani hapo ndipo masimulizi yalipochanganyika, maana mtu wa Makambako alisikia kwamba daraja la TAZARA limevunjwa, na daraja kubwa alilolifahamu yeye lilikuwa la Mpanga. Ni vyema ukaliandika tukio hilo, kwa sababu ni la kweli na ni zito, ila liweke Zambia lilikotokea.

Kuhusu wajenzi, Wachina walikuwa wengi kweli. Mwaka 1972 walifikia 16,000 hivi. Lakini Watanzania na Wazambia walikuwa wengi zaidi yao, makumi ya maelfu, wengine vijana walioandikishwa kupitia TANU na wengine waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa. Waliishi katika makambi kandokando ya njia, na kambi kubwa katika bonde la Kilombero ilikuwa Mang'ula. Zaidi ya watu 160 walipoteza maisha katika ujenzi wa reli yote, wakiwemo Wachina 64. Wachina wengi kati ya hao wamezikwa katika makaburi yao huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kuhusu Waafrika, kwa maoni yangu kazi yenye thamani kubwa kuliko zote ambayo wanafunzi wako wanaweza kuifanya ni kwenda kwa familia za Makambako na vijiji vya jirani kuuliza ni nani alifanya kazi kwenye mahandaki na nguzo zile, na kuandika majina yao wakati wanaowakumbuka wangali hai.

FundiNjiaMstaafu (Mbeya) amejibu:

Naunga mkono pendekezo la Mwalimu. Wengi wa wenzangu waliofanya kazi ile wametangulia, na waliobaki ni wazee sana.

Nitamalizia na jambo la kazi. Watu wanaposimama chini ya nguzo za Mpanga hudhani kwamba hatari ya njia ile ni daraja. Uzoefu wangu ni tofauti. Nguzo za zege zikijengwa vizuri hukaa. Kinachoiua njia ya mlimani ni maji. Kalavati likiziba kwa matope na magogo, maji hutafuta njia nyingine, hupita ndani ya tuta, huchukua udongo uliopo chini ya kokoto, na siku moja mataruma, yale yanayobeba reli, hubaki yakining'inia bila kitu chini yake. Maporomoko ya kipande cha Mlimba hadi Makambako huanza hivyo mara nyingi. Kwa hiyo kazi kubwa ya fundi wa njia kule haikuwa kubadilisha reli. Ilikuwa kutembea kwa miguu kabla ya masika na kuhakikisha kila mfereji uko wazi, pamoja na kujaza kokoto mahali zilipopungua, nyingi zikiwa zimetoka kwenye machimbo ya Kongolo hapa Mbeya.

Mwezi Septemba 2024 viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia mjini Beijing utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua reli hii. Nimefurahi sana kusikia habari hiyo. Ombi langu kwa wahandisi watakaokabidhiwa kazi ni kwamba waanze na mifereji na makalavati ya kipande hiki kabla ya kufikiria injini na mabehewa mapya, kwa sababu treni nzito na ya kasi itakayopita juu ya tuta lililolowa italibomoa mapema kuliko zile za zamani.

Ndugu MwanaMakambako, nina picha mbili za kikosi chetu na daftari la mafunzo la miaka ile lenye michoro ya makalavati. Nitumie ujumbe wa faragha, nami nitakupatia nakala kwa ajili ya shule.